Supachaja ina oili yake

SWALI: Fundi, nimenunua Mini Cooper S ya 2005 iliyotumika. Oili ya injini nabadilisha mwenyewe. Supachaja nayo niiguse au niiache?

JIBU: Iguse, tena mapema. Supachaja hiyo, yaani mashine inayosukumia injini hewa ya ziada, ni aina ya Eaton M45, na haipati oili kutoka kwenye injini. Ina yake: mbele kwenye gia za rota (vyuma vinavyozunguka ndani yake kusukuma hewa), na nyuma kwenye gia zinazoendesha pampu ya maji. Hiyo ya nyuma ndiyo inayoniumiza roho, kwa sababu wengi hawajui kama ipo. Ikikauka, gia zinasagika, pampu inasimama, injini inachemka. Kuifikia lazima uishushe supachaja, basi badilisha na pampu papo hapo. Weka oili maalumu ya supachaja, usithubutu ya injini. Mkanda unaoizungusha supachaja ukiwa na nyufa, toa uweke mpya.