Mbona jerikeni inateleza na naisuuza kila siku?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Niko Jinja nauza chai na chapati, maji nabeba kwa jerikeni za lita 20. Kila asubuhi nasuuza lakini nikiingiza vidole pale mdomoni ndani kunateleza kama kambale, na maji yenyewe ni masafi kabisa kwa macho. Utelezi unatoka wapi? – Mama Chai, Jinja

JIBU: Mama, pole, na asante kwa kuuliza maana wengi wanadhani ni plastiki mbovu. Huo ni ute wa bakteria na umeanza zamani kabla hujausikia kidoleni. Maji yakishaingia, dakika chache tu, protini na sukari zilizoyeyuka humo zinagandia ukutani. Halafu bakteria wanatua, na hapa ndo mimi nashangaa kila siku, wanatambaa huku wakiacha nyuma sukari inayonata, kama konokono na ute wake. Mwaka 2013 watafiti walimfuatilia kwa hadubini bakteria mmoja anaitwa Pseudomonas aeruginosa, huyu anaishi majini na udongoni, wakaona hiyo sukari yake, inaitwa Psl, inafanya wanaokuja nyuma wakae palepale walipopita wenzao. Si unajua njia ya kisimani, mmoja anapita, wa pili anafuata, mwisho nyasi zinakufa na kila mtu anapita hapo hapo. Basi palipopakwa sana ndo wanaanza kijiji, wanazaana, wanajifunika ute wa sukari, protini na hata DNA, hapo ndo unasikia kuteleza.

Kwa hiyo kusuuza tu hakutoshi, na ukimwaga jiki juu ya ute nguvu yake inaishia juu juu, walio chini wanapona. Sugua kwanza na sabuni na brashi ya mpini mrefu, mdomo na mfuniko usisahau, na ule mkono wa kubebea una tundu ndani, brashi haifiki, jaza maji ya sabuni utikise sana. Ndo uweke jiki kidogo na maji, uache ikae, suuza vizuri, pindua ikauke kabisa.

Wengine wanatikisa na mchanga na kokoto. Ute unatoka kweli, ila plastiki inakwaruzika na bakteria wanaenda kujificha kwenye mikwaruzo. Kama yako imeshachakaa hivyo ndani, iweke ya kufulia, ya maji ya kunywa tafuta nyingine.