Chenso ya zamani imegoma kuwaka: anza na mafuta, kisha plagi

Pole ndugu, najua kuvuta ile kamba kunavyochosha bega. Umesema chenso yako ya Stihl ililala stoo tangu mwaka juzi ikiwa na mafuta, na sasa haikohoi hata kidogo. Mimi nashuku mafuta kwanza.

Yamwage yote. Petroli iliyochanganywa na oili ikikaa miezi mingi huchacha na kuacha utando unaonata ndani ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Changanya mapya: mililita 20 za oili ya Stihl ya injini za mipigo miwili kwa lita moja ya petroli. Kama ni oili nyingine ya injini hizo, weka 40. Safisha na filta ya hewa.

Sasa vuta mara kadhaa, kisha fungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, uitazame ncha yake. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: kagua filta iliyo ndani ya tangi na mpira wake, maana mipira ya zamani hupasuka. Ikiwa imelowa, injini imekunywa mafuta kupita kiasi. Zima swichi, ondoa choki (kile kidude cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha), vuta kamba plagi ikiwa nje ili silinda ikauke. Nunua plagi mpya, si ghali.

Kamba ikiwa laini mno, kama haina upinzani, peleka kwa fundi. Huenda ringi za pistoni zimekwisha.

Tafadhali, funga breki ya mnyororo, laza chenso chini, kanyaga mpini wake wa nyuma ndipo uvute kamba, mbali na ulipojazia mafuta. Usiiwashe ukiwa umeining'iniza mkononi.