Mtoto anasoma Kiingereza kana kwamba ni Kifaransa

Mama wa Bukavu, nimekusoma: kijana wako wa miaka 8 anatamka "table" ya Kiingereza kwa sauti ya Kifaransa, na kila mtu kwake ni "he", hata bibi yake. Usimgombeze. Hilo la pili si uvivu, Kiswahili kina "yeye" mmoja tu kwa mwanamume na mwanamke. Wangu, hapa Goma, nilikuwa namkalisha mlangoni jioni ataje kila anayepita: mama mwenye beseni la ndizi, "she", kijana anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, "he". Baada ya wiki mbili ikaingia, tena kwa kucheka.

Kusoma ndiko kulikotusumbua. Kwetu a ni a siku zote, Kiingereza hapana. Anza na maneno mafupi, "cat", "hat", "pan". Yakishakaa, andika "cap" kwa chaki, kisha ongeza e: "cape". Hiyo e yenyewe haisikiki, ila inaigeuza a iwe kama "ei". Mwachie afute, aandike, afute tena, avumbue mwenyewe. Na s ya wingi, ambayo Kifaransa kwa kawaida huinyamazisha, Kiingereza huitamka: "cats".

Dakika 15 kwa siku zinatosha. Orodha za kanuni weka kando kwanza.

Lakini kama hata Kiswahili anakisoma kwa shida, au anasogeza daftari hadi puani, mpeleke apimwe macho na masikio, halafu uongee na mwalimu wake kabla ya kumwongezea somo lolote.