Kabati la vyombo limekuwa bustani yangu: mambo ya kuangalia kabla hujaleta maji sebuleni

Kabati lile mama yangu, Mungu amrehemu, alilinunua kwa seremala mmoja wa hapa Jinja, Uganda, wakati baba bado anafanya kazi kiwandani. Ni mvule mtupu: juu milango miwili ya vioo, katikati droo, chini shubaka moja refu alimokuwa akiweka sufuria za sherehe. Miaka ikapita, vyombo vikavunjika kimoja kimoja, sufuria zikagawanywa kwa mashangazi na wakwe, likabaki kabati tupu linalokula nafasi katika nyumba ya vyumba viwili. Nilikuwa nimeshampata mnunuzi. Leo, shubaka lile la chini lina saladi kumi zenye majani mapana, na taa zake zinaangaza sebule nzima.

Majirani zangu wa mtaa wa Walukuba wakiingia huuliza swali moja: mboga inaotaje bila udongo? Hilo ndilo jepesi kuliko yote. Mmea unahitaji maji, mwanga, madini, na hewa kwenye mizizi. Udongo ni ghala tu la kumtunzia vitu hivyo, na ukimpa mwenyewe kwa mkono hautafuti udongo. Jambo hili si geni: mtaalamu William Gericke wa California ndiye aliyelipa kilimo hiki jina la haidroponiki katika miaka ya 1930, akiotesha nyanya kwenye matangi ya maji. Kinachosumbua ni kabati lenyewe. Fanicha hutengenezwa ikae mahali pakavu, nawe unaiingizia maji, joto na umeme kwa wakati mmoja. Nilipoanza nilisoma sana habari za mimea, habari za mbao sikusoma kabisa, na karibu niliharibu ukumbusho wa mama.

Kwanza niseme kwa nini nilileta mboga ndani. Uwanja wetu ni wa wote. Kuna mbuzi, kuku na watoto wa mpira. Nina magunia mawili ya nakati, mboga ya majani ya kienyeji, karibu na mlango, nayo yanavumilia kwa sababu nakati ni mboga ngumu. Saladi nilizopanda kando yake zilidumu siku tisa, kisha kuku wakazimaliza asubuhi moja kabla sijachemsha chai.

Sasa turudi kwenye kabati. Lita moja ya maji ni kilo moja. Maboksi yangu mawili ya plastiki yanachukua lita 20 kila moja, kwa hiyo ni kilo 40 zinazokaa palepale mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Sufuria za mama zilikuwa nyepesi mara nyingi. Seremala mmoja mzee aliyekuja kuliangalia aligonga rafu kwa kifundo cha kidole, akanitazama, akasema, "Mama, ubao huu utapinda katikati kabla ya mboga kuiva." Akaongeza mguu wa tano chini ya katikati ya rafu, ambayo ina urefu wa sentimita 120. Kazi ile ilimchukua nusu saa, na kwangu mimi ndiyo iliyookoa kila kitu. Weka maji kwenye rafu ya chini kabisa siku zote. Boksi lililojaa maji likiwa juu hufanya kabati liwe zito kichwani na kupinduka kirahisi, na nyumba yenye watoto haiwezi kuvumilia hatari hiyo.

Aina ya mbao ni jambo la kukata shauri mapema. Mvule, mninga au hata msonobari uliokauka vizuri utafaa. Yale makabati ya kisasa yanayotengenezwa kwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, usiyaguse. Yakipata tone kwenye ukingo ulio wazi hufura kama mkate uliolowekwa kwenye chai, wala hayarudi. Kama hilo ndilo ulilo nalo, afadhali ulitumie kwa vitabu, ukamtafutie seremala mbao chache akuundie kiunzi kipya.

Ndani nilipaka rangi ya mafuta nyeupe, mikono miwili, nikaacha ikauke wiki nzima hadi harufu ikaisha. Rangi hiyo ina kazi mbili: inazuia unyevu usiingie kwenye mbao, na weupe wake unarudisha mwanga kwa majani badala ya kuumeza. Kwenye pembe za rafu ya chini nilijaza silikoni, ile ya mafundi bomba, kisha nikatandika plastiki nzito iliyopandishwa sentimita tano kila upande mfano wa sinia. Siku boksi litakapovuja, na siku hiyo itafika, maji yatakaa kwenye sinia uyaone, hayatapenya polepole hadi miguuni.

Kosa langu kubwa lilikuwa milango. Niliipenda sana ile picha ya kufungua kabati na kukuta bustani. Kwa hiyo shubaka la chini nililifungia milango ya plaiwudi, nikawasha taa, nikaenda zangu sokoni. Niliporudi mchana kipimajoto cha ndani kilionyesha digrii 33, na plaiwudi ilikuwa imejaa matone. Baada ya wiki mbili mizizi iliyokuwa myeupe ikageuka kahawia, yenye utelezi na harufu ya bwawa. Maji yakipata joto hushika hewa kidogo, na ukungu wa kuozesha mizizi hupenda hali hiyo. Saladi nayo ikiona joto jingi hukimbilia kutoa maua na kuwa chungu. Nilitupa zote nane.

Niliing'oa milango, nikatundika chandarua chepesi. Nikatoa ubao wa mgongo wa shubaka lile, na kabati likasogezwa mbele kiasi cha kiganja kutoka ukutani. Juu nikafunga feni ndogo ya kompyuta inayovuta hewa kwenda nje. Tangu hapo maji hayajapita digrii 25, na mbao ni kavu ukizigusa. Kama una fundi anayekushauri kufunga kila upande ili mwanga usitoke, mshukuru kwa moyo safi, lakini acha hewa ipite.

Kuhusu namna ya kuotesha, kuna wanaotumia pampu ya kuzungusha maji au ya kupuliza hewa. Mimi nilikataa pampu kwa sababu mbili. Umeme ukikatika saa nyingi, mimea ya pampu huteseka mara moja. Tena sebuleni kwangu watoto hulala, na mngurumo wa pampu usiku kucha ni udhia. Ninafuata njia ya maji yaliyotulia, aliyoieneza Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Unajaza boksi, unalifunika kwa kifuniko kilichotobolewa, na kila tundu linashika kikombe chenye matundu. Mwanzoni maji yanagusa kitako cha kikombe. Mmea ukinywa, maji hushuka, na mizizi inayobaki juu ya maji hujifunza kuvuta hewa. Mizizi ya juu ni ya hewa, ya chini ni ya maji.

Ndiyo maana hutakiwi kujaza tena hadi juu. Mpwa wangu alikuja likizo, akaona maji yamefika nusu, akawahurumia mimea na kumimina jerikeni. Siku ya tatu majani yote yalilala. Mizizi ya hewa ilikuwa imezama. Ukilazimika kuongeza, usipite nusu ya boksi. Kwa saladi hesabu lita 4 kwa kila shina mpaka mavuno, ndiyo maana boksi la lita 20 linabeba mashina matano tu, hata kama nafasi inaonekana kubwa.

Mbolea ilinifundisha adabu pia. Nilianza na NPK 17-17-17, ile ya shambani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, nikaona mbolea ni mbolea. Chembe zake nyingine hazikuyeyuka, miche ikapata manjano na kufa. Mbolea ile imekusudiwa udongo wenye vijidudu vya kuibadilisha, na haina madini madogo ambayo udongo hutoa wenyewe. Urea vilevile haifai kabisa kwa maji haya. Nenda kwenye maduka ya pembejeo, kwa mfano pale Container Village Kampala, uliza mbolea ya maji iliyotengenezwa kwa haidroponiki. Ukipata ile yenye namba 4-18-38, kwa lita 20 weka gramu 12 zake, koroga hadi iishe. Kisha gramu 6 za magnesiamu salfeti, koroga. Mwisho gramu 12 za kalsiamu naitreti. Usizichanganye zikiwa unga au zikiwa nzito kwenye kikombe kimoja, maana kalsiamu hushikana na zile nyingine ikawa mashapo kama chokaa chini ya boksi, na mmea hauoni kitu. Ukipata mbolea ya aina nyingine fuata maelezo ya paketi yake. Nunua mizani ya gramu, usikisie kwa kijiko.

Maji ya bomba nayaacha wazi kwenye ndoo siku nzima ili harufu ya dawa ipungue. Msimu wa mvua nakinga ya bati, nikiacha mvua ya mwanzo ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwanza. Uchachu napima kwa karatasi za pH baada ya kuchanganya mbolea. Ukiwa kati ya 5.5 na 6.5 naendelea.

Boksi lisipenye mwanga hata chembe. Langu lilikuwa la kijani chepesi, nikalipaka rangi nyeusi nje, juu yake nyeupe. Mwanga ukiingia, maji huota ukoko wa kijani unaokula mbolea ya mimea. Na jambo hili naomba ulichukulie kwa uzito wote: maji yaliyotulia ndani ya nyumba ni kitalu cha mbu. Hapa Uganda malaria haihitaji kuongezewa mlango. Kikombe kikae kwenye tundu kwa kubana, tundu lisilo na mmea liwe na kizibo, na kila nikifunua kuangalia mizizi namulika tochi majini kuona kama kuna viluwiluwi. Sijaona hata kimoja, lakini sijaacha kumulika.

Taa nilianza na mirija miwili ya LED ya wati 18, mwanga mweupe wa 6500K, unaofanana na wa mchana. Miche ikarefuka, myembamba, inainama kutafuta jua. Nikaongeza miwili, ikawa minne, sentimita 20 juu ya majani, kwa saa 14. Hizo ni wati 72, karibu uniti moja kwa siku, yaani uniti 30 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayolipa kwenye Yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kabla hujanunua chochote. Kwa hesabu hiyo, kuotesha dodo (mchicha), nakati au sukumawiki chini ya taa ni kujitia hasara, maana sokoni fungu lake ni rahisi na kwenye gunia zinaota bila gharama. Kabati lifae vile vinavyonyauka njiani na kuuzwa ghali: saladi, mrihani, nanaa, giligilani. Nyanya na pilipili waache wapate jua nje.

Mwanzoni niliwasha taa usiku kwa sababu kuna baridi. Wadudu wakajaa na watoto hawakulala. Sasa taima inawasha saa 11 alfajiri na kuzima saa 1 jioni.

Umeme na maji katika kabati moja vinataka fundi mwenye leseni, siyo kijana wa mtaani mwenye bisibisi. Soketi iwe juu ya kabati, isiwe chini nyuma ya boksi. Kila waya ushuke chini kuliko soketi, kisha upande, ili tone likitembea kwenye waya lidondoke pale penye kitanzi badala ya kuingia kwenye plagi. Mwambie fundi akuwekee kikatio kinachozima chenyewe umeme ukivuja. Kabla ya kuingiza mkono kwenye boksi, zima ukutani.

Mbegu za saladi nazilaza juu ya vipande vya sponji vilivyolowa, bila kuzifukia, kwa kuwa zinapenda mwanga zinapochipua. Zinakataa joto pia, kwa hiyo trei yake inakaa sakafuni dirishani, karibu na mtungi wa maji ya kunywa, ambako saruji ni baridi. Siku ya 14 hivi zina majani matatu au manne, zinahamia kwenye vikombe. Mwezi mmoja na siku kadhaa baadaye navuna. Siku hizo za mavuno trei nyingine tayari ina miche ya siku kumi, ili taa zisikae zikiangaza boksi tupu.

Boksi nalisugua kwa sabuni, nalianika juani mpaka likauke kabisa kabla ya zamu inayofuata. Maji yaliyobaki chini, lita mbili au tatu zenye mbolea bado, nayachanganya na ndoo ya maji safi na kuyapeleka nje kwenye magunia ya nakati.