Mteja asiyeona anakwama kwenye fomu ya oda

Ndugu, umeuliza kwa nini mteja wako wa Kondele asiyeona anafika kwenye fomu ya kuagiza samaki katika tovuti yako kisha anakwama. Rangi ziache kwanza; angalia lebo, yaani jina la kila kisanduku cha kujaza. Yale maandishi hafifu ndani ya kisanduku, "Namba ya simu", si lebo: ukianza kuandika yanatoweka, na visoma skrini vingine (programu zinazomsomea asiyeona kwa sauti) huyaruka. Juu ya kisanduku weka <label for="simu">, na kisanduku chenyewe kipe id="simu". Neno la for na la id yakitofautiana hata herufi moja, uhusiano umekatika.

Kwenye tagi ya html andika lang="sw". Ukiacha "en" iliyokuja na kiolezo (muundo wa tovuti uliotengenezwa tayari), "ngege wawili" husomwa kwa matamshi ya Kiingereza, vurugu tupu. Picha nayo ipe maelezo ya kusomwa kwa sauti, alt="Ngege mbichi wa kilo 1", si "IMG_204".

Sasa rangi, kwa wanaoona kwa shida: maandishi ya kijivu #999 juu ya nyeupe hayafikii uwiano wa 4.5:1 unaotakiwa kati ya maandishi na mandharinyuma, #595959 kinatosha.

Kisha weka kipanya kando, uagize kwa Tab na Enter pekee. Usipoona uko wapi, kuna aliyeandika outline: none kwenye CSS, faili la mwonekano, na hiyo huficha mstari unaozunguka ulipofika (ugonjwa wa violezo vingi). Ifute. Halafu washa TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, ufumbe macho, uagize tena.