Wauguzi kuwanunia wanafunzi wodini

Ndugu, umeuliza kwa nini wauguzi wanakununia tangu uanze mafunzo kwa vitendo wodini. Fika mapema, wakati zamu ya usiku inapokabidhi wagonjwa, ujitambulishe kwa muuguzi kiongozi wa wodi, na umweleze uko mwaka wa ngapi na ni kazi zipi unaruhusiwa kuzifanya ukisimamiwa. Mimi nilikaripiwa wiki ya kwanza, nami nilistahili, kwa kuwa nilichukua faili la mgonjwa bila kumwambia mtu, huku sista akilitafuta ili atoe dawa ya saa nne. Ukimaliza kumtoa mgonjwa damu, tupa sindano mwenyewe kwenye kisanduku chake. Trei yenye damu iliyoachwa pembeni mwa kitanda huwaudhi wauguzi kuliko swali lolote, hata la kijinga.