Jibu: Kuku wanaochakura kwenye marudio na mayai ya mtoto

Dada, mwangaluka. Umesema umesikia mayai ya kasa yanakutwa na madini mazito, ukakumbuka kuku wako hapo Nzega wanaochakura kwenye lundo la marudio (mchanga unaobaki baada ya kuosha dhahabu) nyuma ya nyumba, na mtoto wako wa miaka miwili anakula yai kila asubuhi. Waliotangulia wamekujibu kwamba kasa ni wa baharini, kuku ni kuku, usijisumbue. Sikubaliani nao. Nimekaa machimboni miaka sita nikiendesha karasha, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na mke wangu alifugia hapohapo.

Nianze na kasa, maana ndiye aliyenifungua macho. Ndugu yangu ameoa Mafia, nilipomtembelea akanipeleka kisiwa cha Juani kwenye viota. Mlinzi wa viota akatueleza kwamba kasa hupanda ufukweni usiku, huchimba, hutaga mayai mia na zaidi, hufukia na kurudi majini, na vifaranga hutoka baada ya siku 50 hadi 60. Msimu mmoja hurudi kutaga mara kadhaa. Lililonishika ni kwamba msimu huo kasa hula kidogo sana, hivyo mayai yanatengenezwa kwa akiba ya mwilini, na akiba hiyo ni ya miaka mingi, kwa sababu kasa huchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kuanza kutaga. Kama chakula chake kilikuwa na risasi (ile metali yenyewe, si ya bunduki tu), kadimiamu au zebaki, sehemu ya mzigo huo anaushusha ndani ya yai. Ndiyo maana wataalamu hupima mayai yaliyogoma kuanguliwa: yanawaonyesha hali ya bahari bila kumgusa mama.

Hapa niseme jambo moja, kwa kuwa kuna mchangiaji amelichanganya. Msiba wa Kisiwa Panza kule Pemba, Machi 2024, watoto 8 na mama mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Ile ni sumu nyingine, inaua ndani ya siku chache. Madini hayana haraka namna hiyo. Na kasa analindwa na sheria, kwa hiyo nyama yake na mayai yake tuyaache kabisa.

Sasa kuku wako. Mawe ya dhahabu mara nyingi huja na risasi na aseniki ndani yake. Karasha likishasaga, vumbi hilo linakuwa laini kama unga. Mwaloni, pale tunapooshea mchanga huo kwa maji, tunatia zebaki ikamate dhahabu, na zebaki nyingine inabaki kwenye marudio. Kuku hachagui: anameza mchanga kusagia chakula chake, anakunywa kwenye dimbwi la mwalo, anaoga vumbi.

Risasi ina tabia ya kujifanya chokaa. Mwili wa kuku unaipokea na kuihifadhi kwenye mifupa. Halafu anapotaga, ganda la yai moja linahitaji karibu gramu 2 za kalsiamu, na nyingine anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Risasi inatoka nayo. Inayoingia ndani ya yai hukaa zaidi kwenye kiini, nacho ndicho tunachowapa watoto tukisema kina nguvu. Kuosha yai hakusaidii, kuchemsha hakusaidii, kwa sababu madini hayaungui.

Zebaki ina njia yake. Maji ya mwalo yanateremka mbugani, na kwenye tope vijidudu vinaibadilisha kuwa zebaki ya kikaboni, ambayo ni mbaya kuliko ile ya kwenye chupa. Inaingia kwa kambale. Sisi tulikuwa tunawatupia kuku matumbo ya kambale kila jioni! Zebaki ya namna hiyo hukaa zaidi kwenye ute mweupe. Kwa hiyo anayekwambia ondoa kiini ubakize ute hajakusaidia.

Mwenzangu tuliyekuwa tukichoma naye dhahabu ili zebaki itoke kwa moshi, tena jikoni, mikono ilianza kutetemeka hadi kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka thelathini na kitu. Nilipomwona vile niliwaza mwanangu aliyekuwa akitambaa kwenye sakafu ileile. Wiki hiyohiyo tukahama na kuku tukawaacha. Niliumia, walikuwa zaidi ya ishirini, lakini sikutaka kumuuzia mtu.

Wewe fanya hivi. Mtoto asile tena mayai ya kuku hao, leo hii. Risasi iliyokwisha kuingia mifupani hutoka polepole, kwa hiyo kumfungia kuku yuleyule ndani wiki moja si dawa. Anza na vifaranga kutoka kijiji kisicho na mwalo, wajengee banda kwenye udongo safi, wape mtama, pumba na maji ya kisima, na chokaa ya mifugo usiwanyime, kwani kuku mwenye kalsiamu ya kutosha hupokea risasi kidogo. Sakafu ya banda usimwage marudio. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa sababu ni mchanga wa bure. Mumeo akitoka karashani avue nguo nje na anawe kabla ya kumbeba mtoto.

Na mtoto mpeleke hospitali, umwambie daktari wazi kwamba mnakaa machimboni, aulizie kipimo cha risasi kwenye damu. Usingoje dalili. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani, na mwanzoni wazazi walidhani ni malaria. Ukitaka kupima mayai yenyewe au udongo, ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina maabara Mwanza. Ukipata majibu yaweke hapa, tuko wengi wenye kuku karibu na mialo.